Kabla ya Treni ya Kwanza, Tutajiwe Mtunzaji wa Stesheni

Burundi haina stesheni ya reli iliyokufa, kwa sababu haijawahi kuwa na iliyo hai. Wajerumani walifikisha Reli ya Kati Kigoma Februari 1914, na mwaka huohuo wakaanza kujenga njia ya kutoka Tabora kuelekea Kagera ili wazifikie Rwanda na Urundi. Vita vikaizima. Wabelgiji waliowafuata waliona kukodi gati ni nafuu kuliko kutandika mataruma: kwa mkataba wao na Waingereza wa Machi 1921 walipewa maeneo ya bandari Kigoma na Dar es Salaam kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, maeneo yaliyojulikana kwa jina la Belbase. Kwa zaidi ya miaka mia moja, basi, mzigo wa Mrundi umesafiri kwa treni ya jirani na kumalizia kwa meli au kwa lori.

Hali hiyo inaelekea kubadilika. Agosti 2025, huko Musongati, Rais Évariste Ndayishimiye na Kassim Majaliwa, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Tanzania, walizindua ujenzi wa reli ya kisasa kutoka Uvinza, Tanzania, hadi hapo. Mkataba wake umetajwa kuwa wa takriban dola bilioni 2.15 za Marekani. Desemba 2023 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikuwa imekwisha kuidhinisha zaidi ya dola milioni 690 kwa nchi hizi mbili, na katika hizo fungu la Burundi, karibu milioni 98.6, ni ruzuku. Ndani ya mipaka yetu njia ina kilomita zipatazo 84. Nikeli ya Musongati ndiyo inayoivuta, na hatua zinazofuata kwenye ramani ni Gitega, Bujumbura, kisha Kongo.

Gazeti hili halina neno dhidi ya reli. Lina swali kwa wale walioapa kuitumikia nchi, na tunaliuliza kabla ya kutiwa tofali la kwanza la stesheni ya kwanza: ni ofisi gani, kwa fungu gani la bajeti na kwa saini ya nani, itakayoitunza? Atakayesema tunawahi mno na aende kwa majirani akaone jinsi waliochelewa walivyolipa.

Kipande cha reli cha Moshi hadi Arusha kilikaa kimya kwa takriban miaka thelathini, mpaka Shirika la Reli Tanzania lilipokifufua na treni ya abiria ikaingia tena Arusha mwaka 2020. Kenya nayo, mwaka huohuo, iliwatuma wanajeshi na vijana wa Huduma ya Vijana kwa Taifa kuifukua njia ya Nairobi hadi Nanyuki, ambayo sehemu zake zilikuwa zimemezwa na majani. Mafundi walifanya kazi ya kusifiwa, lakini kabla ya nyundo ya kwanza kugonga taruma, pande zote mbili ilibidi kupambana na jambo lisilohusu ufundi hata kidogo. Ardhi ya reli ilikuwa imelimwa, imejengewa, imewekewa vibanda na masoko. Watu waliokaa hapo kwa miaka bila kuulizwa na ofisi yoyote waliamka wakakuta alama ya X ukutani. Mwenye kosa ni nani hapo, aliyejenga kibanda, au ofisi iliyonyamaza kizazi kizima kisha ikaja na tingatinga? Sisi tunasema ni ofisi. Ukimya wa mwenye mali ni ruhusa, hata kama sheria haiuiti hivyo.

Na reli inapokosa mtunzaji hupata mnunuzi. Januari 2022 serikali ya Kenya ililazimika kupiga marufuku kwa miezi kadhaa biashara nzima ya chuma chakavu, baada ya minara ya umeme na vifaa vingine vya umma kung'olewa na kuuzwa kwa kilo. Nchi ambayo reli yake ya kwanza ilianza kujengwa mwaka 1896 ilifikia mahali pa kufunga biashara halali ili kuizuia iliyo haramu. Sisi tutaanza na reli mpya, yenye nyaya za umeme juu yake, katika nchi ambako chuma ni ghali na kazi ni haba. Anayedhani nyaya hizo zitajilinda zenyewe hajaishi hapa.

Katika habari hizi za reli zilizoachwa lipo pia kundi la watu ambalo magazeti hupenda kulipiga picha, nalo ni la wanaojitolea. Mfano mkongwe kuliko yote uko Wales. Mwaka 1950, reli ndogo ya Talyllyn iliyobeba mawe ya kuezekea ilipofiwa na mwenyewe, wapenzi wa reli walikutana Birmingham mwezi Oktoba wakaunda chama, na Mei 1951 treni ikatembea mikononi mwa watu wasiolipwa mshahara. Ilikuwa reli ya kwanza duniani kuokolewa kwa njia hiyo, na mamia ya stesheni ndogo za Uingereza zimefuata tangu hapo, zikipakwa rangi na kupandwa maua na wastaafu wa vijijini. Karibu nasi, mwaka 2022, asasi ya Cross-Cultural Foundation of Uganda ilishirikiana na Shirika la Reli la Uganda kufungua makumbusho ya reli katika eneo la stesheni ya Jinja, ili historia ya njia ile isiishie kwenye vumbi.

Tunaziheshimu kazi hizi. Lakini zisomwe vizuri. Wale wa Talyllyn walikuwa na chama chenye daftari, na wenye kampuni waliokubali kwa maandishi. Jinja kulikuwa na shirika lenye mali, lenye uwezo wa kukubali na uwezo wa kukataa. Kujitolea kulikuja juu ya wajibu uliokwishakuwepo. Hakukuja kuziba pengo lake. Jambo hilo ndilo linalosahauliwa katika nchi yetu, na tunalisema kwa sababu nchi yetu inajua kazi ya pamoja kuliko nyingi.

Kila Jumamosi asubuhi Mrundi hushika jembe. Ibikorwa rusangi ni desturi ya serikali iliyopitia tawala kadhaa, na tangu 2005 imerudi kwa nguvu. Madarasa mengi tunayoyaona vilimani, zahanati, ofisi za zoni, mitaro ya kuzuia mmomonyoko, vimetokana na mikono hiyo. Si haki kuibeza. Si haki pia kusahau kwamba babu zetu waliijua kazi ya shurti, ile ya kiboko cha Mbelgiji, iliyowafanya maelfu wavuke mpaka kwenda Uganda kuwa vibarua na Tanganyika kuwa manamba wa mkonge. Mwananchi anapokuja na jembe lake leo, analeta pia kumbukumbu hiyo, hata kama haitaji. Anastahili kujua jasho lake linaingia wapi na nani ataulizwa likipotea. Kumwita Jumamosi hii ajenge, na kumwita tena baada ya miaka michache ajenge upya palepale kwa sababu paa la kwanza lilianguka bila mtu kulitazama, ni kumdharau. Hatuna neno laini zaidi.

Tazameni Muyinga. Mwaka 2012 ilijengwa huko maktaba ndogo iliyokuja kujulikana na wasanifu majengo ulimwenguni. Iliwekwa kando ya shule ya watoto viziwi, ikachorwa na wasanifu wa BC Architects kutoka Ubelgiji, na kujengwa kwa mikono ya watu wa hapo kwa udongo wa hapo. Tofali zake hazikuchomwa: udongo ulichaguliwa, ukajaribiwa, ukashindiliwa kwa mashine na kukaushwa, kwa hiyo hakuna mkaratusi uliokatwa kuwasha tanuri la tofali, katika nchi ambayo matanuri ya bondeni yanakula misitu bila kushiba. Mikaratusi ilitumika kwenye paa, juu yake vigae. Ndani kukatundikwa wavu mkubwa wa kamba za katani, watoto wapande na kujilaza wakisoma. Upande wa barazani ukaachwa wazi kwa kivuli na mazungumzo, kama nyumba zetu zinavyojua kufanya. Ni jengo la kujivunia, na tunajivunia.

Sasa fikirini kazi ya tofali lisilochomwa. Likiwa kavu, linabeba paa miaka na miaka. Likinywa maji, linarudi kuwa tope. Ndiyo maana paa la maktaba ile lilichorwa litokeze nje ya kuta, na ndiyo maana kila kigae kina kazi ya mlinzi. Mvua zetu zinaanza Septemba na kuendelea mpaka Mei, na upepo wake hauna adabu. Siku ya Jumanne kigae kimoja kinateleza. Ni nani mwenye ngazi? Ni nani mwenye ruhusa ya kununua kigae kile siku hiyohiyo bila kuandika barua Bujumbura wala Brussels, wala kungoja Jumamosi ambapo watu mia watakuja na majembe wakati anayehitajika ni fundi mmoja wa paa? Jengo la udongo linauliza swali hilo kwa haraka kuliko jengo la zege, basi. La zege nalo litauliza, ila litasubiri mpaka aliyelifungua amestaafu.

Stesheni ya kijijini ni jengo la aina hiyo kwa tabia, hata ijengwe kwa kioo na chuma. Inatumika saa chache kwa siku. Treni ikichelewa wiki mbili, stesheni inakuwa pango la mbuzi. Ina choo, na choo cha umma kisicho na mtu wa kukifagia kwa mshahara hakimalizi mwezi. Ina taa, tangi la maji, uzio, mtaro wa kutoa maji ya mvua relini. Mtaro ukiziba, tuta linalegea, na tuta likilegea, suala linakuwa la roho za watu. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachotunzwa kwa shangwe ya uzinduzi. Na hakuna hata kimoja kinachopaswa kuachiwa kijana wa kujitolea asiye na glavu, asiye na bima, asiye na mtu wa kumwambia treni inapita saa ngapi.

Wapo watakaotujibu kwamba nchi ni maskini, na kwamba utunzaji ni anasa ya wenye pesa. Tunawaomba wapande Gishora, kilomita chache nje ya mji wa Gitega. Hapo ndipo mapokeo yanasema Mwami Mwezi Gisabo aliweka makao baada ya kumshinda mtemi aliyemwasi, na hapo zimekaa ngoma Ruciteme na Murimirwa. Ufalme ulifutwa Novemba 1966. Mwami hakuwepo tena wa kuamuru, hazina yake haikuwepo ya kulipa, na miaka iliyofuata ilikuwa na misiba ya kutosha kumsahaulisha mtu jina lake. Ngoma zikabaki. Zilibaki kwa sababu ulinzi wake ulikuwa umewekwa juu ya ukoo unaojulikana, baba akimkabidhi mwana, kila mtu kilimani akijua ni mlango gani wa kubisha ngoma ikipasuka na ni nani anayejua mti wa umuvugangoma wa kuchonga nyingine. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa wanadamu. Dunia ilikuja kupiga makofi mwishoni. Kazi ilikuwa imefanywa na familia ambazo hazikuhitaji semina ya siku tatu kuelewa maana ya dhamana.

Hatusemi stesheni zirithishwe kwa ukoo. Tunasema umaskini haukuizuia Gishora, kwa hiyo usitumiwe kama kisingizio na ofisi yenye gari, mhuri na bajeti. Chini mjini, Makumbusho ya Taifa ya Gitega, yaliyoanzishwa mwaka 1955, yanatunza vitu vya ufalme uleule kwa njia ya serikali: kwa orodha, kwa kabati, kwa mfanyakazi anayelipwa. Njia zote mbili zinafaa. Isiyofaa ni ya tatu, tuliyoizoea, ya kusema kitu ni cha wote na kuishia hapo. Wahenga walikwisha kuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na serikali ndiyo yenye madaftari mengi kuliko mtu yeyote nchini.

Madaftari hayohayo, katika mageuzi ya mikoa na komuni, yanahama. Mikoa 18 imekuwa mitano, komuni 119 zimekuwa 42. Muyinga, iliyokuwa mkoa, sasa imo ndani ya mkoa wa Buhumuza wenye makao Cankuzo. Gitega imepanuka na kuzimeza Karusi, Muramvya na Mwaro. Hatujadili hapa kama mageuzi haya ni mema. Tunajadili funguo. Tofauti ya 119 na 42 ni 77, na kila komuni iliyofutwa ilikuwa na ofisi, na ofisi ilikuwa na paa, bohari, viti, masijala, na mara nyingi darasa au ukumbi wa jirani uliojengwa na wananchi siku za Jumamosi. Baadhi ya majengo hayo yatakuwa ofisi za zoni, na hiyo ni kazi njema. Mengine yataachwa. Huu ndio mtihani wetu wa stesheni kabla ya stesheni, na umekuja mapema, bila treni. Nchi isiyoweza kusema kwa maandishi nani anashika ufunguo wa ofisi ya zamani ya komuni haitaweza kusema hivyo kuhusu stesheni ya porini kati ya mpaka na Musongati.

Kwa hiyo, kwa wenye mamlaka tunadai haya, na tunayadai kama haki. Mipaka ya ardhi ya kila stesheni na ya njia nzima iwekwe nguzo sasa, wakati mkulima bado anaweza kulipwa na kuhama kwa heshima, isije ikawekwa rangi nyekundu mlangoni kwake baada ya miaka ishirini. Hakuna jengo la umma, la mkandarasi wa kigeni au la Jumamosi, lipokelewe kwa picha na mkasi wa utepe kabla karatasi ya utunzaji haijasainiwa: ofisi gani, cheo gani, kiasi gani kwa mwaka, nani anakagua. Kiasi hicho kionekane katika bajeti ya komuni kwa mstari wake, usifichwe ndani ya maneno "matumizi mengineyo", ambayo sote tunajua yanakula nini. Na wanaotaka kujitolea, wawe vijana wa Muyinga wanaosafisha uwanja wa maktaba au wapenzi wa historia watakaotaka siku moja kuhifadhi behewa la kwanza lililofika Gitega, wapewe mkataba mfupi, vifaa, msimamizi mwenye ujuzi, na stakabadhi ya kila faranga wanayochangisha.

Wananchi nao hawaponi. Mtunzaji mmoja hawezi kulinda boriti dhidi ya kilima kizima. Ng'ombe anayeachwa ajikune kwenye ukuta wa shule ana mwenyewe, na mwenyewe ana jina. Mlango wa zahanati unaoonekana nyumbani kwa mtu haukutembea. Vilimani kwetu kuna Bashingantahe, watu wanaosimikwa hadharani na kula kiapo mbele ya majirani kwamba watasema kweli hata inapouma. Tungependa kuwasikia wakisema juu ya mali ya umma kwa ukali uleule wanaoutumia mtu anaposogeza mpaka wa shamba la ndugu yake. Vyama vya kujitolea vilevile visijione vitakatifu. Chama kinachopokea rangi, saruji na pesa za wafadhili bila kusoma hesabu mbele ya wanachama kina kosa lilelile la ofisi tunazozilaumu, na kibaya zaidi kinawachosha watu wema, ambao wakishachoka mara moja ni vigumu kuwarudisha.

Tunajua jibu litakalokuja kwanza: Wizara itaunda tume. Tume haihitajiki. Mabaraza ya komuni yalichaguliwa Juni 2025, wajumbe wake wanajua majengo ya umma katika eneo lao kwa sababu watoto wao wanasoma humo na wake zao wanajifungulia humo. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Kabla ya tarehe hiyo, kila baraza, kuanzia Gitega na Muyinga, liweze kubandika kwenye ubao wa matangazo orodha ya majengo yote ya umma ya komuni, na mbele ya kila jengo cheo cha mtu na kiasi cha pesa. Sisi tutaziomba orodha hizo na kuzichapa kama zilivyo, pamoja na majina ya komuni ambazo hazikuleta.